Kabla Hujasema "Huu Ni Uchochezi"

Nimekaa miaka mingi mahakamani kama mkalimani, na kesi zinazoninyima usingizi ni za matamshi ya chuki. Nikilipunguza neno makali, mtu anaachiwa; nikilinoa, anafungwa. Kwa hiyo nina utaratibu wangu, na naona utamfaa yeyote anayesikia kwamba serikali imemkamata msemaji au imepiga marufuku maandamano.

Anza na sheria kabla ya hotuba. Soma kifungu kilichotajwa kwenye hati ya mashtaka, uone kinamlinda nani. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inataka sheria ikataze kueneza chuki ya kitaifa, ya rangi au ya dini inayochochea ubaguzi, uhasama au ukatili. Rais hayumo humo. Chama tawala hakimo. Kifungu kinachomkinga waziri asikosolewe kimevalishwa tu joho la kupinga chuki.

Kisha pima maneno. Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa, wa 2012, unataja mambo sita: mazingira, nafasi ya msemaji katika jamii, nia, maudhui na namna yalivyosemwa, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea. Mimi hukawia zaidi kwenye mazingira. Chukua neno la Kinyarwanda "inyenzi". Kamusi itakuambia ni mende, basi. Lakini redio ya RTLM ya Rwanda ilipowaita Watutsi hivyo wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kila msikilizaji alijua anaambiwa nini. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wao wakiwa waasisi wa redio hiyo. Ndiyo maana hakimu akiniuliza neno lina maana gani, kwanza natafuta lilisemwa lini, na nani, mbele ya nani.

Angalia pia uko kwenye mizani ya nchi gani. Marekani, tangu kesi ya Brandenburg ya 1969, maneno huadhibiwa kama uchochezi pale tu yanapolenga kuzusha uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na yakielekea kweli kuuzusha. Ujerumani haingojei papo hapo: kifungu cha 130 cha sheria yake ya jinai kinaweza kumfunga hadi miaka mitano anayechochea chuki kwa namna inayoweza kuvuruga amani ya umma, na alama za Kinazi ni marufuku hadharani. Hotuba ile ile, hukumu mbili.

Kwa maandamano, uliza serikali imezuia kitu gani hasa: njia, saa, mavazi, au ujumbe? Baada ya vurugu za Cable Street, London, Oktoba 1936, wakati wafuasi wa ufashisti waliovaa sare walipotaka kuandamana na wapinzani wao wakawazuia, Uingereza ilikataza sare za kisiasa hadharani, maana sare zenyewe zilikuwa zinatisha watu. Chini ya sheria yake ya 1986, maandamano yanaweza kupigwa marufuku pale ambapo masharti ya polisi hayatoshi kuzuia vurugu kubwa, na marufuku haizidi miezi mitatu. Marufuku isiyo na mwisho itilie shaka. Gharama nazo zichunguze. Mji wa Skokie, Marekani, walikoishi manusura wengi wa mauaji ya Wayahudi, mwaka 1977 uliwadai Wanazi wa Marekani bima ya dola 350,000 kabla ya kuandamana. Mahakama zililikataa sharti hilo. Uchungu wa manusura wale naulewa, ila ada isiyolipika ni marufuku kwa jina lingine, na kesho atadaiwa mwingine.

Mwisho, usiridhike na tafsiri, hata yangu. Omba kanda nzima. Niliwahi kuandika "tutawamaliza" pale msemaji aliposema "tutawafagia". Wakili akaomba kanda irudishwe nyuma kidogo. Sentensi iliyotangulia ilikuwa ya masanduku ya kura.