Kuishi kwenye trela wakati wa baridi kali: anza chini ya sakafu

North Dakota (Marekani) au Alberta (Kanada), usiku wa Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Trela nyingi, yaani nyumba za magurudumu zinazokokotwa na gari, zimeundwa kwa safari za kiangazi, na mabomba yake ya maji hupita chini ya sakafu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ziba uwazi kati ya trela na ardhi mwezi Oktoba, ardhi haijaganda. Tumia mabamba ya povu gumu ya sentimita 5 juu ya fremu ya mbao, viungo uvifunge kwa utepe wa foili. Acha kijilango cha kufikia vali. Mitungi ya gesi ibaki nje ya kizuizi hicho: propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya chini.

Kinachowaponza wengi ni hita ya umeme. Unaiwasha sebuleni ili kubana matumizi ya gesi. Chumba kinapata joto, thamostati (kidhibiti joto) inaridhika, hita ya gesi haiwaki. Kumbe ni hiyo ya gesi inayopeleka hewa moto chini ya sakafu. Asubuhi unafungua bomba, kimya. Kwa hiyo, hita ya umeme iwe msaidizi tu, na moja kwa kila sakiti: wati 1,500 kwenye volti 120 ni ampia 12.5, na sakiti nyingi za trela ni za ampia 15. Gusa plagi baada ya nusu saa. Ikichoma vidole, zima.

Gesi ya kupikia ya kwetu Afrika Mashariki huchanganywa na butani, ambayo kwenye sifuri hukataa kugeuka mvuke. Huku nunua propani tupu. Hita ya BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) ikiwaka mfululizo hula kama kilo 0.6 kwa saa, yaani mtungi wa kilo 9 haufiki saa 16. Kodi tangi kubwa.

Maji safi: jaza tangi la ndani, kisha ung'oe mpira wa kuingizia maji na kuumwaga maji yote, au nunua mpira wenye waya wa kupasha joto. Vali ya maji machafu ifungwe hadi tangi lijae. Ukiiacha wazi, matone huganda ndani ya mpira wa maji machafu, tabaka juu ya tabaka, mpaka unaziba.

Unyevu nao ni balaa. Kilo moja ya propani jikoni hutoa takriban kilo 1.6 za maji, bado hujahesabu mvuke wa maharage. Inua godoro: upande wa chini umelowa. Weka chaga chini yake, na fungua tundu la paa kidogo unapopika, hata kama roho inauma.

Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Jaribu king'ora cha gesi hiyo kila wiki, na kila baada ya dhoruba toka ukaondoe theluji kwenye tundu la moshi la hita.