Namna ya kutenganisha "borrow" na "lend"

Mtu wa Kigoma akisema "niazime baiskeli", kisha akafika nyumbani na kueleza kwamba ameiazima kwa shemeji yake, ametumia kitenzi kilekile kwa anayetoa na kwa anayepokea, na hakuna aliyetatizika. Kiingereza hakiruhusu hivyo: anayepokea hutumia "borrow", anayetoa hutumia "lend". Kosa la "borrow me your pen", linalosikika sana madarasani kwetu, ni "niazime kalamu yako" iliyovalishwa maneno ya Kiingereza.

Mimi hufundisha jioni hapa Ujiji, na kinachowafaa wanafunzi kuliko kanuni yoyote ni kuiweka "azima" kando na kuipima sentensi kwa "kopa" na "kopesha", hata kama kinachotajwa ni jembe wala si fedha. Panapokubali "kopa", weka "borrow", na mwenye mali atajwe baada ya "from": "I borrowed a net from my uncle", yaani niliazima wavu kwa mjomba. Panapokubali "kopesha", weka "lend", na mpokeaji akae mara baada ya kitenzi au baada ya "to": "My uncle lent me a net", ama "My uncle lent a net to me". Zingatia kwamba wakati uliopita wa "lend" ni "lent", ilhali "borrow" hupokea -ed kama kawaida.

Pale mwaloni Kibirizi, kijana mmoja wa boti alitaka kuandika majina ya abiria waliokuwa wakienda Gombe, akamwambia mgeni mmoja, "Can I lend your pen?" Mgeni, kalamu ikiwa imechomekwa mfukoni mwa shati, aligeuka kutazama nyuma yake, kwa kuwa alichosikia ni kijana kuomba ruhusa ya kumpa mtu mwingine kalamu isiyo yake. Angesema "Can I borrow your pen?" au, kwa kumfanya mgeni awe mtendaji, "Can you lend me your pen?", angeipata papo hapo.

Kwa upande mwingine, Kiingereza hakijali tofauti ambayo sisi tunaijali. Kwetu fedha hukopwa, maana noti zinazorudishwa si zilezile, na jembe huazimwa kwa sababu hurudi lenyewe. Kwao vyote viwili ni "borrow". Hata chumvi kidogo, ambayo sisi humwomba jirani bila kudanganyana kwamba itarudi, Mwingereza aweza kusema "borrow some salt" kwa adabu tu, jambo ambalo mtu aliyekulia karibu na Uvinza, kunakozalishwa chumvi, huona la ajabu kidogo.

Kitu kisichoondoka mahali pake, kama vile choo, hakiazimwi kwa Kiingereza sanifu. Hapo sema "use": "Can I use your toilet?"