Jinsi ya Kusoma Hali ya Hewa Ili Kujua Saa Ambazo Hewa ya Mjini Huchafuka

Magari ya mji hutoa moshi unaokaribiana kila siku ya kazi, lakini hewa ya leo yaweza kuwa chafu kuliko ya jana mara kadhaa. Tofauti hiyo huletwa zaidi na anga, na anayejua kuisoma huweza kuchagua saa ya kufungua madirisha, kufanya mazoezi au kumruhusu mtoto mwenye pumu acheze nje.

Anza na asubuhi za msimu wa baridi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto upesi, na hewa inayoigusa hupoa ikawa nzito, huku hewa iliyo juu yake ikibaki na joto. Hewa nzito haipandi, kwa hiyo moshi wote wa alfajiri hubanwa karibu na ardhi, hasa katika miji iliyo mabondeni. Utazame moshi wa bomba lolote: ukipanda kidogo kisha ukatandaa kama shuka, hewa imefungwa. Ahirisha mazoezi mpaka jua liipashe ardhi moto, mara nyingi saa nne au saa tano asubuhi. Hali hii ikidumu kwa siku kadhaa, huua. Jijini London, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hewa baridi iliyotulia iliuzuia moshi wa makaa ya mawe, na watu kwa maelfu wakapoteza maisha.

Siku za jua kali na upepo mdogo, ushauri hugeuka. Ozoni ya karibu na ardhi, gesi inayowasha mapafu, haitoki kwenye bomba la gari. Huundwa mwanga wa jua unapozifikia oksidi za nitrojeni, yaani gesi zilizomo katika moshi wa magari, na mivuke ya mafuta na rangi za kupaka, na kwa kawaida hufikia kilele alasiri. Haionekani kwa macho, na barakoa ya kawaida haiizuii, kwa hiyo kinga bora ni kufanya kazi nzito za nje mapema.

Mvua husafisha, ila tusiiamini kupita kiasi: matone hunasa vumbi kubwa kwa urahisi kuliko chembe ndogo zisizozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo ndizo hupenya ndani kabisa ya mapafu. Baada ya manyunyu machache, usidhani hewa imetakata. Upepo nao huutawanya moshi, lakini wakati wa kiangazi huweza kuinua vumbi la ardhi kavu, hivyo angalia unavuma kutoka wapi.

Kama kuna kituo cha kupima hewa karibu nawe, linganisha wastani wake wa saa 24 na kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, yaani mikrogramu 15 za chembe hizo ndogo kwa kila mita ya ujazo. Kwa wiki chache, andika kipimo hicho pamoja na upepo, mawingu na mvua ya siku hiyo, kisha rudia zoezi hilo msimu unapobadilika, kwa sababu saa iliyo salama wakati wa baridi huenda isiwe salama wakati wa joto.