Somo: Taa ya OFF inablinki kwenye Cruiser 100 yenye AHC, usikimbilie kung'oa

Wakuu, hii ni kwa wenye Land Cruiser 100 ile inayopanda na kushuka kwa swichi, kwa mfumo wa AHC unaoinua bodi kwa presha ya mafuta maalum. Taa ya OFF ikianza kublinki gari inagoma kupanda, na fundi wa kwanza utakayekutana naye atakwambia ng'oa mfumo wote. Tulia. Hapo kompyuta imejifunga makusudi, inafunga valvu ili mafuta yabaki yalipo na ugumu wa shokapu unabaki mmoja tu. Chukulia sensa ya kimo ya kushoto inadanganya kwamba upande huo umelala, kompyuta ikiiamini itajaza upande mmoja ukiwa kwenye kona na spidi 100, si bora isifanye kitu kabisa?

1. Paki sehemu tambarare ucheki mafuta kwenye kopo lake. Yakiwa chini kuna mahali yanavuja, fuata paipu zote kwenye chesisi, kutu inazila sana. Weka mafuta ya AHC yenyewe, ya pawa stering hapana.

2. Soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari KABLA hujazifuta. Mashine ya kusomea kama huna, washa swichi ya ufunguo, unganisha pini za TC na CG kwa waya kwenye soketi ya OBD (ile ya kuchomekea mashine) kisha uhesabu taa ya OFF inavyoblinki.

3. Sensa za kimo ziko tatu, mbili mbele moja nyuma. Zima injini, weka stendi (jeki peke yake usiiamini, gari hii inaweza kukushukia), chomoa kifito cha sensa na uzungushe mkono wake kwa vidole. Ukikwama kwa kutu, ndo huyo.

Maswali

Swali: Mkuu, naweza kusafiri taa ikiblinki?
Jibu: Ikiwa imesimama sawa na hakuna kinachodondoka, nenda taratibu. Imelala upande mmoja? Usitoke.

Swali: Yangu nikiweka HI (kimo cha juu) inashuka yenyewe nikikimbia, nayo mbovu?
Jibu: Nzima hiyo. Ukipita kama 30 km/h inarudi N (kimo cha kawaida), gari refu kwenye spidi linapinduka kirahisi.

Swali: Fundi kashatoa AHC akaacha springi zilezile, sasa nyuma inakaa chini.
Jibu: Lazima ikae bosi wangu, springi zile zilikuwa zinabeba sehemu tu ya uzito, uliobaki ulibebwa na mafuta. Inatakiwa springi ngumu zaidi nyuma, tosheni baa za mbele pia (zile fito za chuma zinazofanya kazi ya springi), na shokapu za kawaida zote nne.