Mbegu zimechanganyika? Zisie kwa mistari

Nilipewa kopo la mbegu zisizo na majina. Usizimwage zote kitaluni: zitenge kwa umbo na rangi, kisha sia kila aina mstari wake kwenye dumu lililokatwa ubavuni. Mbegu moja ya kila aina ibandike kwa selotepu kwenye karatasi yenye namba ya mstari. Kinachoota nje ya mstari, aghalabu ni gugu. Usikisie kwa majani mawili ya kwanza, hayo hudanganya, subiri yanayofuata. Pilipili huweza kuchukua wiki mbili au zaidi, kwa hiyo usiharakishe kumwaga udongo. Mbinu hii hukwama kwa sukuma wiki, kabichi na brokoli: mbegu zinafanana, miche nayo inafanana. Hapo ni kusubiri mmea ukue.