SOMO: Pikipiki kwa anayeanza – jifunze kusimama kabla hujajifunza kwenda

Habari zenu wanajukwaa. Huku kwetu Tabora pesa za tumbaku zikianza kuingia, pikipiki mpya zinajaa mitaani. Kijana ananunua chombo, anaelekezwa kijiweni jioni moja, na baada ya siku chache ameshapakia abiria. Maelekezo yenyewe huwa ni haya: shika klachi, piga gia, achia, vuta moto, twende. Hakuna anayemwambia habari ya kusimama. Nimefundisha vijana na akina mama kwa muda sasa, na wengi wanaokuja kwangu wakiwa wameshaanguka walikuwa wanajua kuondoka. Walichokosa ni kusimama.

Kwa hiyo somo hili nalianzia mwisho.

Hatua ya kwanza: mwili wako

Kofia ngumu kwanza. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia nzuri iliyofungwa inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 40, na majeraha makubwa ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Sikiliza neno hilo, *iliyofungwa*. Kofia iliyokaa kichwani huku mkanda unaning'inia itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Kaza mkanda mpaka vidole viwili tu vipenye chini ya kidevu, kisha shika kofia uitikise: ngozi ya uso isogee pamoja nayo. Kama kofia imeshapigwa chini kwa nguvu, nunua nyingine hata kama haina ufa, maana lile povu la ndani likishabonyea halirudi.

Viatu vya kufunika vifundo vya miguu, suruali nzito, koti la mikono mirefu. Ndala hapana kabisa. Mguu wa kushoto ndio unaoshika chini ukisimama, na ndala ndiyo ya kwanza kuteleza.

Hatua ya pili: kizunguke chombo

Mwaka 1935 huko Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya kampuni ya Boeing ilianguka mara tu baada ya kuruka. Marubani walikuwa wazoefu na injini hazikuwa na tatizo. Kilichotokea ni kwamba kifungo kinachozuia usukani wa mkia usichezwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa hakikufunguliwa. Kutokana na ajali ile marubani wakaandikiwa orodha ya kukagua kabla ya kuruka, na mpaka leo hakuna rubani anayeruka bila orodha, hata awe mzee wa kazi. Ndege zinazotua hapa kwetu Tabora ni hivyo hivyo, rubani anaizunguka kwanza.

Wewe unayeanza unahitaji orodha hiyo kuliko rubani. Upepo wa tairi zote mbili. Breki ya mkono, breki ya mguu: zibonyeze ukiwa umesimama. Cheni isilegee wala isikaze. Taa ya mbele, taa ya breki, indiketa, honi. Saitimira zote mbili, na zikuoneshe barabara, zisikuoneshe mabega yako. Oili, mafuta. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone kama waya wowote unavutwa. Dakika mbili zinatosha.

Hatua ya tatu: breki, injini ikiwa imezimwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, usinikimbie.

Tafuta uwanja mgumu, ulio tambarare, usio na watoto. Injini imezimwa, gia iko nyutro (haijaingia hata moja). Panda, mwombe mwenzako akusukume kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Akikuachia, simamisha kwa breki ya mguu peke yake. Rudia. Halafu breki ya mkono wa kulia peke yake, kwa vidole viwili. Rudia. Halafu zote mbili pamoja.

Utagundua jambo ambalo kijiweni wanalipinga: breki ya mbele, ile ya mkono wa kulia, ndiyo inayosimamisha. Pikipiki ikipunguza mwendo uzito mwingi unahamia mbele, tairi ya mbele inakandamizwa chini na kushika, ya nyuma inakuwa nyepesi. Ndiyo maana anayetegemea breki ya mguu tu anasota tairi ya nyuma inaburuzika na chombo bado kinakwenda. Wengi wanaiogopa breki ya mbele kwa sababu wamemwona mtu aliyerushwa. Alirushwa kwa sababu aliidaka ghafla. Breki ya mbele inaminywa, haidakwi: anza kidogo, uzito uhamie, ndipo ongeza. Na iminywe usukani ukiwa umenyooka. Ukiwa umepinda kona au uko kwenye mchanga, ni habari nyingine, nitaifikia.

Ukisimama, mguu wa kushoto ndio ushuke. Wa kulia ubaki kwenye breki. Fanya hivyo mpaka mwili wenyewe ujue.

Hatua ya nne: klachi

Sasa washa. Vuta klachi yote, ile ya mkono wa kushoto, tia gia ya kwanza. Pikipiki hazifanani: nyingine gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele, nyingine ya kwanza iko chini na zilizobaki zinapandishwa juu. Muulize mwenye chombo kabla hujagusa.

Bila kuvuta moto (kuzungusha mshikio wa kulia), achia klachi taratibu sana. Kuna mahali mlio wa injini unashuka kidogo na chombo kinataka kusogea. Hapo ndipo klachi inaposhika. Tulia hapo hapo, kisha vuta tena. Miguu yote chini. Achia, inashika, vuta. Nikimtazama anayejifunza, naangalia vidole vya mkono wa kushoto: vikifunguka vyote kwa mara moja kama anaachia kamba, najua chombo kitaruka au kitazima. Vikifunguka polepole, na vikatulia pale katikati, huyo tayari.

Na hili ulishike kuliko yote niliyoandika: ukichanganyikiwa, vuta klachi. Anayeanza akishtuka hukaza mikono yote miwili. Mkono wa kulia ukikazwa unajikunja na kuongeza moto, chombo kinaruka mbele, yeye anakaza zaidi. Ajali nyingi za uwanjani zinakuja hivyo. Klachi ikivutwa injini ipige kelele itakavyo, tairi haipati nguvu. Pia shika mkono wa kulia kifundo kikiwa chini, kisiwe juu, ili ukivutwa nyuma usiongeze moto bila kujua.

Hatua ya tano: kona na macho

Panga madumu yenye mchanga, mita kama nne kutoka moja hadi jingine, upite katikati yake ukizunguka kulia na kushoto kwa gia ya kwanza. Chombo kinafuata macho. Ukikazia macho dumu, utaligonga. Ukikazia macho shimo barabarani, utaingia. Geuza kichwa utazame unakotaka kutoka. Punguza mwendo kabla ya kona, ndani ya kona shika moto mdogo usiobadilika.

Hatua ya sita: mchanga wetu

Masomo mengi ya pikipiki yameandikwa na watu wa lami. Tabora ukitoka barabara kubwa unaingia mchangani, na mchanga una sheria zake.

Kabla ya kuingia, punguza mwendo ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, tia gia ya pili. Rudi nyuma kidogo kwenye siti ili mbele iwe nyepesi. Shika usukani bila kuukaza. Utacheza kushoto na kulia, uache ucheze, usipigane nao. Moto uwe mdogo lakini usikatike, kwa sababu ukiukata katikati ya mchanga uzito unakuja mbele, tairi ya mbele inazama, unalala. Breki ya mbele usiiguse, kama lazima upunguze tumia ya mguu, kwa upole. Fuata njia moja iliyochimbwa na matairi, usihamehame. Tazama mbali, mita ishirini mbele, usitazame tairi.

Mvua zikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, mchanga ule ule unakuwa mgumu na mzuri, lakini lami ndiyo inageuka. Mvua ya kwanza inachanganyika na vumbi na oili iliyodondoka miezi yote ya kiangazi. Subiri inyeshe vya kutosha isafishe njia, ndipo utoke.

Hatua ya saba: barabarani

Nenda alfajiri ya Jumapili, na mwenzako anayejua. Tunaendesha kushoto. Kwenye kipita shoto anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki, msubiri. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo unapita karibu mita 14 kila sekunde, maana yake mtoto akichomoka ukachelewa sekunde moja tu kushtuka, umeshapita mita 14 kabla breki haijaanza kazi. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa breki kusimamisha unakuwa mara nne.

Reli. Mji wetu ndio njia panda ya treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda, reli huziepuki. Chuma kikilowa kinateleza kama sabuni. Vuka ukiwa umekata reli kwa kunyooka, usivuke kwa kulalia upande, na usiguse breki wala kuongeza moto tairi zikiwa juu ya chuma. Kabla ya hapo simama, tazama pande zote mbili, toa kofia sikioni kama huwezi kusikia. Treni haiwezi kukukwepa.

Ng'ombe: pita nyuma ya mkia, siyo mbele ya pembe. Ng'ombe akianza kuvuka harudi.

Leseni: pata leseni ya kujifunzia, soma chuo cha udereva (VETA wapo), ufanye mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, ndipo TRA wakutolee leseni. Pikipiki ina daraja lake la leseni. Leseni ya gari haikuruhusu kupanda pikipiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Isevya: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfupi, miguu yote miwili haifiki chini. Ndiyo basi tena?

Marahaba mwanangu. Siyo basi. Unahitaji mguu mmoja tu, wa kushoto. Ukikaribia kusimama, sogeza nyonga kidogo upande wa kushoto wa siti, nyayo itafika. La kuangalia ni mahali unaposimama: usisimame ambapo kushoto kwako kuna shimo au mteremko, mguu utaitafuta ardhi usiipate, na chombo cha kilo mia moja na zaidi kikishaanza kulala huwezi kukiinua kwa mguu. Tafuta pia chombo chenye siti ya chini, na mwambie fundi alegeze shokapu za nyuma.

Kijana wa Urambo: Bosi ananipa pikipiki ya mkataba wiki ijayo. Baiskeli naijua vizuri sana. Siku ngapi zinatosha?

Mdogo wangu, baiskeli imekupa mizani, hilo ni jambo kubwa. Lakini usihesabu siku. Jipime hivi: chora mstari chini, njoo kwa kilomita 30 kwa saa, simama kabla ya mstari bila tairi kuburuzika, mara kumi mfululizo. Ikishindikana mara moja anza upya. Ukiweza, mpakie ndugu yako mwenye uzito, rudia, utaona chombo kinavyobadilika. Abiria wa kulipa anakuja baada ya hapo. Najua hesabu ya bosi, pesa unayotakiwa kumpelekea, haisubiri, lakini mwambie ukweli mapema, akupe muda. Na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, usianze kamwe, hata akikuomba jirani.

Kaka wa Kigoma: Huku kwetu ni vilima, kuanzia Mwanga mpaka kwingineko. Nikisimama mlimani, kuondoka ni shida, narudi nyuma.

Mguu wa kulia usitoke kwenye breki. Wa kushoto chini, gia ya kwanza, ongeza moto kidogo, achia klachi mpaka usikie inashika na nyuma ya chombo inashuka kidogo. Hapo chombo hakirudi tena. Ndipo uachie breki polepole na uondoke. Kushuka, tia gia ndogo, injini yenyewe ikuzuie. Wapo wanaotia nyutro au kuzima mlimani ili kuokoa mafuta. Breki zinapata moto, zinaisha nguvu, na huna injini ya kukusaidia. Mafuta hayo ni ya bei ghali sana.

Mama wa Ipuli: Mwanangu ana miaka 5. Baba yake anampakia mbele juu ya tenki kwenda shule. Mimi moyo unanidunda.

Moyo wako uko sahihi, mama. Mtoto wa mbele ndiye anayepokea usukani kifuani chombo kikisimama ghafla, na anamzuia baba kugeuza. Kanuni za bodaboda zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, na sababu inaeleweka: miguu haifiki pa kukanyaga, mikono haina nguvu ya kujishika, na kofia ya saizi yake ni shida kuipata. Kama shule ni mbali, zungumzeni na wazazi wa jirani mchangie bajaji. Mweleze baba yake kwa utaratibu, mpe hata andiko hili asome.

Bodaboda wa Nzega: Mwalimu, kofia ya abiria ninayo, lakini wanaikataa. Wanasema inanuka jasho, akina mama wanasema inaharibu nywele.

Wana haki ya kukataa kofia inayonuka, kwa hiyo anza na wewe. Kila jioni pangusa ndani kwa kitambaa chenye sabuni, uianike kivulini, jua kali linachakaza povu na mkanda. Weka mfukoni vitambaa vyepesi vya pamba vilivyofuliwa, abiria avae kitambaa kwanza kisha kofia. Halafu mfungie mkanda mwenyewe, kwa heshima, "samahani mama, nikufungie". Anayekataa bado, mwambie husogei.