Kulihoji jiwe la kale: kutoka nyundo ya Geita hadi bonde la niobi

Ukionekana unapiga nyundo jiwe jeusi kandokando ya barabara ya Geita asubuhi, jioni kijiji kizima kinajua umekuja kutafuta dhahabu. Nimeshachoka kukanusha. Siku hizi nasema tu: natafuta umri wa jiwe na mahali lilipozaliwa. Wanacheka, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Mawe ninayoyazungumzia ni basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda, za ukanda wa kijani (mkanda wa lava na mashapo ya kale) wa Sukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, ndani ya kratoni ya Tanzania, yaani kiini kikongwe kilichotulia cha bara. Mengi yana umri wa kati ya miaka bilioni 2.8 na 2.5. Swali kubwa ni kama wakati ule bamba moja la ganda la dunia lilikuwa likizama chini ya jingine kama linavyofanya leo kule Japani au Indonesia. Basalti inayotoka juu ya bamba linalozama hubeba alama za kikemia ambazo basalti ya katikati ya bahari haina. Kazi yetu ni kuzisoma alama hizo bila kudanganywa na yaliyolipata jiwe baadaye.

Hatua ya 1: Vibali

Kibali cha utafiti, barua ya wilaya, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Kama sampuli zitapimwa nje ya nchi, anza kufuatilia kibali cha kuzisafirisha mapema. Usianze siku ya kufunga mizigo.

Hatua ya 2: Chagua jiwe, tena chagua kwa ukali

Hapa ndipo tasnifu nyingi hufia, ila mwenyewe hugundua miaka miwili baadaye akiwa mbele ya kompyuta.

Jiwe la miaka bilioni 2.7 limekunjwa, limechomwa, limepitiwa na maji moto na mwisho limeoza juani. Kwa hiyo swali la kwanza unaloliuliza jiwe ni "umepitia nini?" Swali la "umezaliwa wapi?" linasubiri. Tafuta mwamba kwenye makorongo, kwenye kuta za barabara mpya, au kwenye machimbo ya kokoto. Kina mama wanaoponda kokoto wanajua jiwe gumu lilipo kuliko ramani yoyote. Waulize, na ukichukua jiwe lao walipe.

Vunja mpaka ufikie moyo wa jiwe. Gamba la nje la kahawia au jekundu litupe lote. Ndani unataka rangi moja, ya kijani iliyoiva au nyeusi, chembe ndogondogo, bila mishipa myeupe. Dondosha tone la asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji mengi. Likichemka, kuna kalsaiti, madini ya chokaa, iliyoingia baadaye na maji. Sogea mita 10 ujaribu tena. Kijani cha kawaida cha kloriti na amfiboli kinavumilika, maana hakuna basalti ya umri huu isiyokuwa nacho. Kijani cha manjano chenye mabaka, yaani epidoti nyingi, kiache.

Ukiona maumbo kama mito ya kulalia iliyopangwa, kila mmoja na ukoko wake mwembamba, hiyo ni lava iliyomwagika chini ya maji. Piga picha, kisha chukua sampuli katikati ya mto mmoja wa lava. Ukoko uliguswa na maji ya bahari tangu siku ya kwanza.

Kilo 2 hadi 3 za jiwe safi zinatosha. Vunja kila sampuli vipande viwili, kimoja cha maabara na kimoja cha kubaki. Andika namba kwenye mfuko, kwenye kikaratasi ndani ya mfuko, na kwenye daftari. Ndiyo, mara tatu. Wino wa kalamu ukikutana na jasho la Septemba utanielewa.

Hatua ya 3: Kusaga

Kuna mtu atakushauri utumie karasha la wachimbaji wadogo, liko jirani na ni rahisi. Karasha hilo jana lilisaga mwamba wa dhahabu na leo asubuhi mwamba wa mtu mwingine. Usithubutu.

Hata maabarani uliza kinu kimetengenezwa kwa kitu gani. Sampuli zangu za kwanza, 14, zilisagwa kwenye maabara moja ambayo sitaitaja, na sikuuliza. Majibu yalipokuja, tantali ilikuwa juu ajabu katika kila sampuli, pamoja na kobalti na tungsteni. Nilishangilia kwa siku 4 nikidhani nimegundua basalti za aina mpya. Kumbe kinu kilikuwa cha kabidi ya tungsteni, na chuma kile hujimenya kidogo kidogo na kuacha tungsteni, kobalti na tantali ndani ya unga. Niobi, elementi ndugu ya tantali, nayo inaweza kuguswa, na niobi ndiyo shahidi wetu mkuu. Omba kinu cha agati, jiwe gumu la silika. Kinasaga polepole, lakini kinachoacha ni silika tu, na silika imo tele ndani ya jiwe.

Hatua ya 4: Kuyeyusha na kupima

Omba unga uyeyushwe kwa chumvi ya borati ya lithi kabla ya kupimwa. Asidi ndani ya chombo cha wazi huacha chembe za zirkoni, madini magumu yanayobeba zirkoniamu, bila kuziyeyusha, nawe utapewa zirkoniamu pungufu ukidhani ni tabia ya jiwe. Tia pia sampuli moja mara mbili kwa namba tofauti, bila kuwaambia watu wa maabara. Majibu yakiachana sana, una haki ya kuuliza.

Hatua ya 5: Ondoa mashahidi waliohongwa

Potasi, sodi, rubidi, bari na stronti huhama kirahisi na maji moto. Titani, zirkoniamu, niobi, thori, iteri na jamii ya lanthani kwa kawaida hutulia. Usiamini kwa sababu nimesema mimi. Chora kila elementi dhidi ya zirkoniamu. Zilizotulia zitajipanga mstari, zilizohama zitatawanyika kama punje kwenye uwanja wa kuku. Angalia pia uzito uliopotea unga ulipochomwa kwenye nyuzi 1000: mimi sampuli iliyopoteza zaidi ya asilimia 5 naiweka pembeni, hata kama ilinigharimu kutwa nzima ya kutembea.

Hatua ya 6: Tafuta bonde

Sasa gawanya kila elementi kwa kiwango chake katika koti la dunia (tabaka nene lililo chini ya ganda) la awali. Kwa viwango vya Sun na McDonough vya 1989, thori ni gramu 0.085 kwa tani, niobi 0.713, lanthani 0.687. Ni gramu kwa tani ileile ya wachimba dhahabu.

Tuchukue sampuli ya mazoezi yenye thori 1.2, niobi 3.0 na lanthani 8. Ukigawanya unapata 14.1, kisha 4.2, kisha 11.6. Zichore kwa mpangilio huo uone mstari unavyoporomoka kwenye niobi na kupanda tena. Hilo ndilo bonde. Basalti ya kawaida ya katikati ya bahari ingekupa takriban 1.4, 3.3 na 3.6, yaani mstari unaopanda bila bonde.

Bonde linatokana na hili: bamba linapozama, vimiminika vinavyotoka humo hubeba thori na lanthani kupeleka juu kwenye koti, huku niobi ikishikwa chini na madini kama rutili. Lava inayozaliwa hapo hutoka na njaa ya niobi.

Hatua ya 7: Usitangaze bado

Magma iliyopita katikati ya ganda nene la itale na kumeza kipande chake nayo hutoka na bonde lilelile. Ndiyo maana sampuli moja haitoshi. Nataka angalau 15 za lava ileile. Kama bonde linazidi kuchimbika kadiri silika inavyoongezeka, shuku kwamba magma ilikula ganda. Isotopu za neodimi, yaani aina za elementi hiyo zenye uzito tofauti, husaidia zaidi: ganda kuukuu lina neodimi 143 pungufu, na basalti iliyolila itaonyesha.

Umri nao hautoki kwenye basalti, kwa kuwa mara nyingi haina zirkoni. Tafuta tabaka la majivu ya volkeno yenye silika nyingi katikati ya lava, au itale iliyoikata basalti, ambayo itakupa umri wa chini kabisa. Chukua kilo 5 hadi 10, na hapa karai la mchimbaji linafaa kweli, likiwa limesuguliwa: zirkoni ni nzito, hubaki chini na mchanga mweusi. Chembe ya miaka bilioni 2.7 ambayo haijapoteza risasi (metali inayotokana na urani kuoza polepole ndani yake) itakupa uwiano wa risasi 206 kwa urani 238 wa karibu 0.520, na wa risasi 207 kwa urani 235 wa karibu 13.3. Ukipata namba mbili zinazotoa umri tofauti, chembe imevuja. Rudi kwenye picha ya chembe uone kama leza ya kupimia iliangukia ufa.

Mwisho kuna tatizo ambalo chati za kutambua lava ilizaliwa wapi haziwezi kulitatua. Nyingi zimechorwa kwa kutumia lava za leo, na koti la wakati ule lilikuwa na joto zaidi. Kwa miaka bilioni 2 hivi iliyopita nchini mwetu tuna ushahidi mgumu zaidi: eklojiti za kilima cha Yalumba katika ukanda wa Usagara, mwamba wenye ganeti ambao hupikwa basalti ikishushwa kina kirefu. Wataalamu walizitangaza mwaka 1995. Kwa zile basalti za Sukuma hatuna eklojiti ya kuonyesha. Kwenye ripoti yangu naandika "kemia inalingana na bamba kuzama", kisha aya inayofuata naorodhesha kila kitu kingine inacholingana nacho. Msahihishaji mmoja aliwahi kuniambia aya hiyo inanidhoofisha. Niliiacha.

Na kile kipande cha pili cha kila jiwe bado kiko kwenye sanduku chini ya kitanda changu, vyote 14 vya awali vikiwemo. Mwaka juzi nilimega kidogo kwenye kila kimoja cha hivyo 14 nikasaga upya kwa agati. Tantali ilishuka yote, bonde likabaki.